Samaki mgeni anahema: kusoma dalili kwenye tangi la karantini la maji ya chumvi

Samaki alitoka kwenye mfuko jana jioni. Asubuhi hii umemkuta amejibanza kwenye kona, chini ya mapovu ya pampu, mdomo unafunguka na kufumba haraka haraka, na mkono wako tayari umeshika chupa ya dawa. Irudishe kabatini kwanza. Dawa isiyohusika humuua samaki aliyechoka na safari upesi kuliko ugonjwa wenyewe.

Swali la kuanza nalo ni hili: ameanza lini? Dalili inayotokea ndani ya saa 24 za kwanza karibu kila mara inatokana na maji. Inayojitokeza kati ya siku ya pili na ya sita, mfikirie kwanza velveti au bruklinela, magonjwa mawili yanayoua upesi. Inayokuja baada ya wiki moja na kuendelea huwa ni madoa meupe, minyoo bapa ya ngozi, au tumbo. Madoa huja na kupotea, rangi ya samaki hubadilika akiogopa, lakini tarehe uliyoiandika kwenye daftari haibadiliki. Kwa hiyo andika: siku aliyofika, chumvi ya maji ya mfukoni, na idadi ya mapigo ya matamvua kwa dakika moja akiwa ametulia. Kila aina ya samaki ina mwendo wake wa kupumua, ndiyo maana namba ya kulinganisha nayo ni ile ya samaki huyo huyo, uliyoihesabu mwenyewe baada ya kutulia.

Mimi nafugia Mombasa, na samaki wengi ninaowapata wametoka kwenye miamba ya pwani hii hii ya Kenya. Watu hudhani kwa sababu hiyo karantini haituhusu: samaki wa hapa, bahari ya hapa, shida iko wapi? Shida iko njiani. Mzamiaji amemtoa mwambani, amekaa kwenye ndoo botini, akahamishiwa kwenye matangi ya kuhifadhia pamoja na mamia ya wenzake, akaingia mfukoni, ndipo akafika kwako. Baharini kimelea mmoja humkosa samaki mara elfu kabla ya kumpata. Ndani ya tangi la lita 200 hamkosi.

Tangi lenyewe

La kwangu ni la lita 60. Halina mchanga wala mawe. Lina chujio la sponji linaloendeshwa na pampu ya hewa, elbo tatu za bomba la PVC za samaki kujificha, kipimajoto, na kifuniko, kwa sababu samaki mgeni huruka. Mawe na mchanga wa matumbawe hunyonya shaba, ambayo ni dawa ya vimelea, halafu unabaki kushangaa kipimo cha dawa kimeshuka kimekwenda wapi.

Sponji ndiyo moyo wa tangi hili. Iwe imekaa kwenye chujio la tangi kuu kwa wiki 4 au zaidi kabla ya siku ya mgeni, ipate bakteria wanaokula amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki. Nyavu, ndoo na mpira wa kunyonyea maji viwe vya tangi hili peke yake. Liweke mita 3 au zaidi kutoka tangi kuu, kwani matone madogo yanayorushwa na mapovu yanaweza kubeba mbegu za velveti hewani.

Kuhusu maji: wengi wetu wa pwani tunachota baharini. Chota maji yakiwa yamejaa, mbali na mdomo wa mto au mkondo wa mtaro, na usichote siku za mvua kubwa za masika. Hata maji masafi ya bahari yana viumbe hai ndani yake, vikiwemo vimelea. Yafunike gizani wiki mbili tatu kabla ya kuyatumia, au uchanganye chumvi ya akwaria na maji yaliyochujwa. Kwa karantini mimi nachagua chumvi ya kuchanganya, ingawa bahari iko karibu, kwa sababu nataka jambo moja lisilo na shaka.

Anahema tangu siku ya kwanza

Pima vitu vinne kabla ya kufikiria kimelea: amonia, chumvi, joto, na mwendo wa hewa juu ya maji.

Amonia inayotokana na mfuko ndiyo inayowakamata wengi, na utaratibu wake unafaa kueleweka. Samaki akiwa mfukoni hutoa hewa ya ukaa, na hewa hiyo hushusha pH ya maji, yaani huyafanya yawe na asidi zaidi. Katika pH ya chini, uchafu wake hubaki katika umbo la amoniamu, ambalo halimdhuru sana. Ukifungua mfuko, hewa ya ukaa inatoka, pH inapanda, na amoniamu inageuka kuwa amonia yenye sumu samaki akiwa bado anaogelea humo. Anayedondosha maji ya tangi tone kwa tone kwa saa mbili, akidhani anamzoesha samaki taratibu, anamwogesha kwenye sumu. Kama safari ilikuwa ndefu, elea mfuko ukiwa umefungwa dakika 15 hadi 20 joto lilingane, fungua, pima chumvi ya mfuko, rekebisha chumvi ya tangi la karantini ilingane nayo, umhamishe. Maji ya mfuko yamwagwe.

Chumvi nayo ina mtego wake. Tangi la nyumbani huwa kwenye uzito linganifu (uzito wa maji ya chumvi ukilinganishwa na maji matamu) wa 1.025 au 1.026, lakini wauzaji wengi huweka maji yao kwenye 1.018 hadi 1.021. Samaki anavumilia kushushwa chumvi upesi. Kupandishwa upesi kunamkausha kwa ndani. Panda kwa 0.002 kwa siku, usizidishe. Na kabla ya kuiamini refraktomita, kifaa cha kupimia chumvi, isawazishe kwa maji maalumu ya sehemu 35 kwa elfu. Iliyosawazishwa kwa maji ya bomba tu mara nyingi hukosea pale pale unapoihitaji.

Amonia ikijitokeza siku ya pili au ya tatu, kosa liko kwenye sponji: haikuwa na bakteria wa kutosha, au umetia kiuavijasumu kikawaua. Badilisha nusu ya maji, kwa maji yenye joto na chumvi ile ile. Ukisoma miligramu 0.25 kwa lita tu, badilisha. Kuna chupa za kufunga amonia na zina kazi yake, ila usizichanganye kamwe na shaba. Baadhi yake hugeuza shaba kuwa umbo kali zaidi na samaki wote hufa usiku mmoja.

Joto ni shida ya kwetu. Chumba cha pwani mwezi wa Februari kinapandisha maji hadi nyuzi 30 na zaidi, na maji ya moto hubeba oksijeni kidogo. Feni ndogo inayopuliza juu ya maji hushusha nyuzi mbili hivi kwa uvukizi. Kilichovukizwa kirudishie maji matamu, maana chumvi haivukizwi. Lenga nyuzi 25 hadi 27. Umeme ukikatika, pampu ya hewa ya betri ndiyo itakayowaokoa. Nunua moja kabla ya kununua samaki.

Ukirekebisha maji na samaki akatulia ndani ya saa chache, umemaliza. Hakuna dawa.

Anahema siku ya tatu, hana doa hata moja

Amonia ni sifuri, chumvi ni sawa, lakini mapigo yameongezeka tangu jana. Anasimama mbele ya pampu uso ukielekea mkondo, anakimbia taa, ameacha kula. Hapa usisubiri kuona kitu juu ya ngozi. Hizi ni dalili za velveti, Amyloodinium ocellatum, ambayo hushambulia matamvua kwanza. Zima taa ya tangi, washa tochi ubavuni mwa samaki: ukiona vumbi laini la rangi ya dhahabu au kijivu, kama mahameli, umeshachelewa kidogo. Wengi hufa bila vumbi hilo kuonekana.

Kasi yake inatisha. Kimelea akishiba hudondoka, hujifunga kwenye kifuko, hugawanyika, na kifuko kimoja kinaweza kutoa wachanga hadi 256 ndani ya siku chache. Kwa hiyo fanya mambo mawili siku hiyo hiyo.

La kwanza ni josho la maji matamu la dakika 5. Maji yaliyotolewa klorini, joto lile lile, pH iliyopandishwa ifanane na ya tangi kwa magadi ya kupikia, na yatiwe hewa nusu saa kabla. Josho halitibu, linampunguzia mzigo kwenye matamvua apate kuvuta pumzi. Akilala ubavu sekunde za kwanza ni mshtuko wa kawaida. Asipojirudi baada ya dakika moja, mtoe.

La pili ni shaba. Kuna shaba iliyofungwa na shaba ya ioni, na vipimo vyake havikaribiani: iliyofungwa hufanya kazi kwenye miligramu 2.0 hadi 2.5 kwa lita, ya ioni kwenye 0.15 hadi 0.20 tu. Anayesoma kipimo cha moja akatia nyingine ama anaua samaki, ama anamwogesha bure. Soma chupa, kisha soma tena. Kwa kawaida dawa hupandishwa taratibu kwa siku mbili tatu. Kwa velveti usiende taratibu hivyo, fika kiwango ndani ya siku moja. Shikilia siku 30 bila kushuka, ukipima kila siku kwa kipimo cha kidijitali. Vile vya kulinganisha rangi kwa jicho havitoshi: tofauti ya 1.5 na 2.0 haionekani kwa rangi, na kimelea anaishi katika tofauti hiyo.

Kiwango kikishuka bila sababu, tafuta kalisi: konokono aliyesahaulika, kipande cha jiwe, ganda la mapambo. Kikipanda, umeongeza dawa kufidia maji yaliyovukizwa badala ya kuongeza maji matamu.

Klorokwini fosfeti safi pia inatibu velveti, na wapo wanaoipendelea kwa samaki wasiovumilia shaba. Vidonge vya malaria vya dukani visitumike. Vina viungo vingine, na kipimo chake hakiwezi kukadiriwa kwa lita za tangi.

Madoa kama punje za chumvi

Huu ndio ugonjwa unaojulikana zaidi, na ndio unaodanganya zaidi. Cryptocaryon irritans, madoa meupe ya bahari, huonekana kama mtu amemnyunyizia samaki chumvi ya mezani: punje zinazohesabika, zilizotengana, kwenye mapezi na mwili. Velveti ni unga, hii ni punje.

Nitaeleza nilivyopoteza samaki wangu, kwa sababu bado naona watu wakifuata njia ile ile. Nilinunua kangaja wa buluu mwenye uso mweusi na pezi la njano mgongoni, Acanthurus leucosternon, samaki mzuri kupita kiasi na anayeshikwa na madoa haya kuliko karibu samaki yeyote. Muuzaji aliniambia amekaa dukani wiki mbili, ni mzima. Siku ya pili nyumbani akatoka punje kumi hivi. Siku ya tano zilikuwa zimekwisha zote, anakula mwani kutoka mkononi mwangu. Nikamwingiza tangi kuu. Wiki tatu baadaye kila samaki alikuwa mweupe, na kufikia mwisho wa mwezi tangi la matumbawe lilikuwa halina samaki hata mmoja. Yeye mwenyewe alikuwa wa pili kufa.

Kilichotokea ni hiki. Kimelea hukaa juu ya samaki siku 3 hadi 7, akila. Akishiba hudondoka, hutambaa chini, hujifunga kwenye kifuko kigumu kwenye kioo, jiwe au ganda. Hapo doa linapotea na mwenye samaki anashukuru. Ndani ya kifuko anagawanyika. Vifuko vingi hupasuka kati ya siku 3 na 28, na kilichochukua muda mrefu zaidi katika maabara kilifika siku 72. Wachanga wanaotoka wana siku moja au mbili za kumpata samaki, la sivyo wanakufa. Kupotea kwa madoa siku ya tano ni hatua ya ugonjwa. Hakuna dawa inayompata akiwa ndani ya ngozi ya samaki wala akiwa kifukoni. Shaba humuua anapoogelea tu. Ndiyo sababu ya siku 30.

Njia ya pili, ninayoipenda kwa samaki dhaifu, ni ya kuhamisha tangi bila dawa yoyote. Unahitaji matangi mawili au hata ndoo mbili kubwa za plastiki. Samaki anaingia la kwanza siku ya 1. Siku ya 4 anahamia la pili, siku ya 7 anarudi la kwanza lililooshwa na kukauka kabisa, siku ya 10 la pili tena, siku ya 13 anaingia kwenye tangi safi la kuangaliwa. Kila safari ni saa 72, zisizidi. Hesabu yake ni rahisi: kimelea anadondoka na kujifunga, na kabla kifuko hakijapasuka samaki ameshaondoka. Hama asubuhi mapema kabla ya kuwasha taa, na maji ya kale yasivuke hata kikombe. Njia hii haifai kwa velveti.

Kama yameshaingia tangi kuu, dawa ndani ya tangi kuu haipo. Shaba itaua matumbawe, kamba, konokono na minyoo, na mawe yatabaki nayo kwa muda mrefu. Toa samaki wote, kila mmoja hata yule asiye na doa, uwatibu kando, na acha tangi bila samaki siku 76. Kamba na matumbawe wabaki, uwalishe kidogo. Ni siku nyingi na kioo kitakuwa kitupu. Nimezipitia, na hakuna njia ya mkato niliyoiona ikisimama.

Usichanganye na limfosisti, vinundu vyeupe kama koliflawa vinavyoota kwenye ncha za mapezi. Hicho ni kirusi, hakihitaji shaba, hupungua chenyewe samaki akitulia na kula vizuri.

Ute mzito, ngozi inachubuka

Samaki wa anemone waliotoka baharini ndio wanaopata hili zaidi: ute mweupe unaning'inia kama utando, rangi imepauka kwa mabaka, anahema juu ya maji. Ni bruklinela, Brooklynella hostilis. Shaba haiiathiri, na hapo ndipo siku mbili za thamani hupotea. Tiba inayojulikana ni josho la formalini kwa kipimo cha lebo, lenye hewa nyingi, kisha dawa ya metronidazoli kwenye tangi jipya safi. Formalini inadhuru mapafu na inasababisha saratani. Vaa glovu, fanyia nje, na kama huna formalini ya samaki yenye lebo ya vipimo, usitumie ya mahali pengine. Josho la maji matamu litamnunulia saa chache. Samaki wa anemone waliozalishwa matangini hawaji na ugonjwa huu mara nyingi, nami siku hizi nanunua hao tu.

Kidonda chekundu kwenye ubavu wa samaki aitwaye kromisi wa kijani, kinachokua kila siku, ni Uronema. Kimelea huyu anaishi hata bila samaki, kwa hiyo kuacha tangi tupu hakumwondoi. Mtenge mara moja. Wengi hawaponi.

Jicho lenye ukungu, anajikuna kwenye bomba

Jicho moja lenye ukungu: amejigonga. Macho yote mawili: angalia maji kwanza, halafu minyoo bapa. Neobenedenia hung'ang'ania ngozi na macho, na rangi yake ni ya maji, huwezi kumwona. Josho la maji matamu ndilo kipimo. Tumia beseni lenye kitako cheusi, dakika 5. Minyoo hugeuka meupe na kudondoka kama ufuta. Ukiona ufuta, una jibu.

Prazikwanteli, miligramu 2.5 kwa lita, humuua mnyoo lakini haiyafikii mayai. Rudia baada ya siku 6 au 7, mayai yakiwa yameanguliwa na watoto hawajazaa. Ongeza hewa, kwa sababu bakteria hula dawa hii na kutumia oksijeni. Mimi humpa kila samaki mgeni dozi hizi mbili hata kama hana dalili. Ni dawa pole, na minyoo hawa ni wengi mno.

Hataki kula

Siku tatu za kwanza ni woga. Funika pande tatu za tangi kwa karatasi, punguza taa, usisimame mbele. Baada ya hapo jaribu chakula cha bahari halisi: kamba mbichi aliyekatwa laini, chaza aliyefunguliwa na kuachwa kwenye ganda lake (kama hakuna shaba ndani), mwani mkavu kwa kangaja ukiwa umebanwa kwenye kioo. Samaki akila kisha anakonda, na kinyesi ni cheupe kama uzi, vimelea wamo tumboni. Metronidazoli ichanganywe na chakula, maana ya majini haifiki. Akiacha kula siku ile ile shaba ilipofika 2.5, shusha hadi 2.0 kwa maji mapya, usiende chini ya hapo.

Matumbawe

Tangi lao ni lingine kabisa, ambalo shaba haijawahi kugusa. Lina taa, pampu ya mkondo, na vigingi vya plastiki vya kubandikia matumbawe. Matumbawe hayaugui magonjwa ya samaki, lakini kigingi au jiwe lililokuja nalo linaweza kubeba kifuko cha madoa meupe. Siku 76 bila samaki zinahesabika hapa pia, sawa na kwa konokono na kaa. Najua ni ndefu. Kwa wadudu wa matumbawe wenyewe, wiki 6 zingetosha.

Siku ya kwanza, vunja kigingi cha muuzaji ukitupe kama tumbawe linaruhusu. Asilimia kubwa ya mayai na wadudu wako huko, kwenye mifupa mikavu ya chini. Kisha josho: bakuli la maji ya tangi na dawa ya kuchovyea matumbawe kwa kipimo cha lebo, ukipuliza tumbawe kwa sirinji kubwa ya plastiki dakika zote. Kinachodondoka kiangalie kwa kioo cha kukuza. Suuza kwenye bakuli la pili, na maji ya josho yasirudi popote.

Zoantidi, jamii ya matumbawe laini yanayokua kwa makundi, zikifumba zaidi ya siku tatu baada ya kutulia, zigeuze uangalie chini usiku kwa tochi. Konokono-bahari asiye na ganda anayezila hufanana nazo kwa rangi, kwa sababu huvaa rangi ya anachokula. Mayai yake ni duara dogo jeupe lililozungushwa kama donge la chapati lililosokotwa. Konokono mwenye ganda bapa la mistari, Heliacus, hukaa katikati ya makundi. Mtoe kwa kibano. Na hapa naomba usome taratibu: zoantidi na hasa Palythoa zinaweza kuwa na palitoksini, sumu kali kuliko nyingi zijulikanazo. Vaa glovu na miwani ukizikata, usizikwangue kwa brashi kavu, usichemshe wala kumwagia maji ya moto jiwe lenye nazo. Mvuke wake umewalaza familia nzima hospitalini katika nchi kadhaa.

Akropora, tumbawe gumu la matawi, ikipauka kwa vidoa vya mviringo kama alama za meno, na rangi ikifa kuanzia chini, kuna minyoo bapa, Prosthiostomum acroporae. Josho linawaondoa minyoo, mayai yanabaki. Yatafute sehemu isiyo na ngozi, yana rangi ya kahawia, yamepangwa kwa vishada; yakwangue yote. Rudia josho kila siku 5 hadi 7 kwa wiki 4 hadi 6. Aliyechovya mara moja na kuridhika ndiye anayewaingiza tangi kuu.

Matumbawe ya Yufilia (Euphyllia) na jamaa zake, wenye mikono mirefu laini, wakitoa uji wa kahawia unaonuka, fanya kazi dakika hiyo. Zima mikondo ya maji, nyonya uji wote kwa mpira, toa tumbawe, kata kichwa kilichooza kwa msumeno mahali penye mfupa mzima, uchovye kinachobaki kwenye ayodini. Uji ukielea hadi kwa jirani, jirani naye ataoza.

Tumbawe lililogeuka jeupe lote kwa usawa, tena upande wa juu, lakini nyama bado ipo: ni taa. Lishushe chini kabisa, punguza mwanga nusu, upandishe kwa wiki mbili tatu. Hapa pia mkono hukimbilia josho, na kila josho linalimaliza nguvu.

Kuhusu lilikotoka: matumbawe magumu yamo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, na usafirishaji wake baina ya nchi unahitaji vibali. Muulize muuzaji. Na usivunje baharini, hata kipande kidogo, hata nje ya hifadhi. Mwamba unaoonekana mpana ukiwa juu ya ngalawa umekua polepole mno, mwaka baada ya mwaka.

Kumtoa

Samaki amemaliza siku 30 za shaba au safari nne za kuhama. Ondoa shaba kwa kubadilisha maji na kuweka mkaa wa kuchujia, kisha mkalishe wiki mbili bila dawa yoyote. Hizi wiki mbili watu wengi huziruka, na ndizo zinazoonyesha kama tiba ilishika au dawa ilikuwa inaficha tu. Anakula mara mbili kwa siku, hajikuni, mapigo ya matamvua yako karibu na namba uliyoandika alipotulia: pandisha chumvi ilingane na tangi kuu, mhamishe kwa mkono au bakuli, na maji yake yabaki.

Baadaye jaza tangi la karantini maji ya bomba, tia dawa ya klorini ya kufulia isiyo na manukato, liache usiku kucha na pampu ikizunguka. Mwaga, suuza, kisha vitoe vyote juani, elbo, mpira, wavu na tangi lenyewe, vikauke hadi ndani ya viungo vya bomba, siku mbili kamili. Sponji iliyoguswa na dawa itupe, na nyingine irudi kwenye chujio la tangi kuu ianze kuhesabu wiki zake 4.